Freni mkononi: kutoka chukudu ya Goma hadi telekomande ya ubao wa umeme

KINDU – Yeyote aliyewahi kusimama kando ya barabara inayoshuka kutoka Kibumba kuingia Goma anaukumbuka mlio wa chukudu. Unausikia kabla hujaiona. Kisha inatokea: mbao nene za mikaratusi, magurudumu mawili ya mti yaliyovikwa mpira, magunia ya makaa au viazi juu yake, na mwenye chukudu nyuma ya mzigo, mikono miwili kwenye usukani. Kwenye mteremko hasukumi tena. Kazi yake yote imehamia mguuni, unaokandamiza kipande cha tairi kuukuu juu ya gurudumu la nyuma. Kipande hicho ndicho freni. Kikikatika katikati ya mteremko, kinachobaki ni kuruka.

Familia zilizokimbia Kivu hazihitaji kuelezwa chombo hiki. Wengi walipakia juu yake magodoro, masufuria, watoto na wazee wasioweza kutembea, wakamkabidhi kijana mmoja na mguu wake. Tangu miaka ya 1970, ilipoanza kuonekana Kivu Kaskazini, chukudu imejengwa juu ya swali moja: ni nani anayeshika mwendo, na akiachia itakuwaje?

Mbali na hapa kuna chombo ambacho ni kama ndugu mdogo wa chukudu. Ni ubao mfupi wenye magurudumu manne madogo, hauna usukani, hauna kiti. Anayeupanda anasimama wima na kuugeuza kwa kuinamisha mwili. Vijana wa California, huko Marekani, waliuanza miaka ya 1950 kama mchezo. Siku hizi unafungwa motere ya umeme na betri chini yake, na unaweza kupita kilomita 30 kwa saa, mwendo wa pikipiki ya abiria katika barabara za Kindu. Ila freni yake haiko mguuni. Iko ndani ya telekomande, kidude kinachoenea kwenye kiganja na kuzungumza na ubao kwa mawimbi ya redio. Kati ya mkono na gurudumu hakuna kamba, hakuna waya, hakuna chuma.

Watu wa Kindu wanajua mawimbi ya redio yanavyokatika. Mtu anasikiliza habari za saa moja, sauti inazama, inarudi, inazama tena. Kwa msikilizaji ni kero tu. Kwa mtu anayesimama juu ya ubao unaokimbia, ni mifupa yake. Ndiyo sababu historia ya kidude hiki kidogo inastahili kusimuliwa.

Chombo cha kwanza kinachojulikana kuendeshwa kwa mawimbi ya redio mbele ya watu kilikuwa mashua. Mwaka 1898, mwaka uleule ambao reli ya Matadi hadi Léopoldville ilizinduliwa, Nikola Tesla alionyesha mashua ndogo ya chuma katika jumba la Madison Square Garden, New York. Ilielea ndani ya bwawa, na Tesla akiwa pembeni aliigeuza na kuwasha taa zake bila kuigusa. Wapo waliosema ni uchawi, wapo waliodhani kuna nyani aliyefundishwa amefichwa ndani. Tesla alipata hati ya uvumbuzi wake mwezi Novemba mwaka huo, lakini wakubwa wa jeshi aliowatarajia kuinunua hawakuvutiwa.

Telekomande ilikuja kuingia majumbani kupitia televisheni. Kampuni ya Zenith ya Chicago ilitoa ya kwanza mwaka 1950. Ilikuwa na waya mrefu kutoka kwenye kiti hadi kwenye televisheni, na watu wakajikwaa. Mwaka 1955 mhandisi Eugene Polley akaondoa waya na kutumia mwanga, kama tochi. Tatizo likawa jua: likipiga kioo, televisheni inabadilisha stesheni yenyewe. Mwaka uliofuata mwenzake Robert Adler akaleta kidude kisicho na betri hata moja. Ndani yake vijiti vya alumini viligongwa na kinyundo na kutoa sauti ambayo sikio la mtu halisikii, ila televisheni inaisikia. Kilidumu miaka mingi.

Lakini tofauti na ubao ni kubwa. Stesheni ikibadilika yenyewe, mtu anakunja uso. Ubao ukiongeza mwendo wenyewe, mtu anapelekwa hospitali.

Jawabu la mawimbi kuingiliana lilipatikana katika vita vya pili vya dunia, na kwa watu ambao hakuna aliyewatarajia: mwigizaji wa sinema Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil. Mwaka 1942 walipata hati ya mbinu ya kuongoza kombora la majini kwa redio inayorukaruka kutoka mawimbi haya hadi yale, ili adui asiweze kuifuata na kuiziba. Walipanga mawimbi 88, sawa na vitufe vya piano, maana Antheil alikuwa mtu wa piano. Jeshi la majini la Marekani liliweka karatasi zao kabatini. Leo Bluetooth ya simu inarukaruka vivyo hivyo, na baadhi ya telekomande za mbao za umeme zinaitumia.

Mbao zenyewe zilianza na petroli. Mwaka 1975 wanafunzi wawili wa Berkeley, Jim Rugroden na Bill Posey, walitoa ubao wenye mashini ya petroli nyuma, na mwendeshaji alishika mkononi kishikio kilichounganishwa na mashini kwa kebo. Kelele na moshi wake vilichosha watu hadi California ikaupiga marufuku mwaka 1997. Mwaka huohuo mtu mmoja wa Seal Beach, Louie Finkle, alianza kuuza ubao wa umeme unaoongozwa bila waya, akaomba hati mwaka 1999. Wazo lilikuwa zuri, betri ndizo zilizokuwa nyuma. Ilibidi kungoja miaka mingine hadi betri za lithiamu na motere zenye nguvu zishuke bei.

Walioufanya ubao huo ujulikane ni wahandisi watatu waliotoka chuo kikuu cha Stanford, walioanzisha Boosted mwaka 2012 kwa fedha za watu waliolipa kabla ya kuona bidhaa. Telekomande yao iliigwa na wengi. Gurudumu dogo chini ya kidole gumba: ukilisukuma mbele, ubao unakwenda, ukilivuta nyuma, unafunga freni, ukiliachia, springi inalirudisha katikati. Chini yake kuna kichocheo ambacho kidole lazima kikibane ndipo ubao ukubali kwenda.

Kichocheo hicho si kigeni kwa mji wa reli. Katika treni nyingi duniani, dereva anatakiwa muda wote kukanyaga pedali au kushika mpini fulani. Akizimia au akifa, mguu unalegea na treni inajifunga yenyewe. Reli ya Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, ilikamilika zaidi ya miaka mia moja iliyopita, wakati ambapo wazo hilo lilikuwa linaanza kuingia katika treni na tramu za umeme za nchi za nje. Aliyebuni telekomande ya ubao alichukua pedali ya dereva wa treni akaifanya ndogo hadi ikaenea chini ya kidole kimoja.

Mwezi Machi 2020 Boosted iliwafukuza kazi karibu wafanyakazi wake wote. Vipuri vikawa adimu. Ubao ambao watu waliununua kwa zaidi ya dola 1,000 unaweza kugeuka mti mtupu ukipoteza telekomande yake, kwa sababu ubao na telekomande vinatambuana kama mtoto na mama. Wengi waligundua hapo kuwa walinunua motere, betri na magurudumu, lakini ufunguo ulibaki kwa mwingine.

Wengine walikuwa wameliona hilo mapema. Mswidi mmoja, Benjamin Vedder, alitengeneza mtambo wa kudhibiti motere ya umeme, na karibu na mwaka 2015 akaweka michoro yake na programu yake yote wazi, mtu yeyote achukue, atengeneze, arekebishe. Kuanzia hapo mafundi wa nyumbani, Ulaya, Marekani na Asia, wakaanza kujenga mbao zao, na swali la telekomande likawa lao. Mwanzoni walitumia kilichopo: telekomande za magari ya mchezo, au kishikio cha Wii, mashini ya michezo ya Nintendo iliyotoka mwaka 2006. Kishikio hicho kilikaa vizuri mkononi, lakini nakala zake za bei ndogo zilipata sifa mbaya ya kupoteza mawasiliano katikati ya barabara. Basi wakaamua kujitengenezea.

Vitu vinavyohitajika ni vichache kuliko mtu anavyodhani. Kibao cha kompyuta ndogo cha aina ya Arduino, iliyoanzia Italia mwaka 2005. Kipande cha redio kama kucha ya kidole, mara nyingi cha kampuni ya Nordic ya Norwei. Betri ndogo. Sanduku la plastiki lililochapwa na mashini inayojenga tabaka juu ya tabaka. Na kitu cha kusoma kidole gumba kimesimama wapi.

Hapo ndipo mafundi wazuri walipotengana na wengine. Njia rahisi ni kile kizungushio kilichomo kwenye redio za zamani, cha kupandishia sauti. Kila mwenye redio Kindu anajua mwisho wake: vumbi linaingia, ukikigusa redio inakwaruza, sauti inapaa bila kuitwa. Sasa weka kukwaruza huko kwenye mwendo wa mtu. Njia bora ilitoka kwa ugunduzi wa Edwin Hall wa mwaka 1879, kwamba sumaku ikikaribia mkondo wa umeme inausukuma pembeni, na msukumo huo unapimika. Fundi anaweka sumaku ndogo kwenye gurudumu la kidole na kipimio karibu yake. Havigusani kamwe, kwa hiyo hakuna kinacholika. Kompyuta ndogo inasoma nafasi ya sumaku kama namba, tuseme kati ya 0 na 1023, na kuituma kwenye ubao makumi ya mara kila sekunde.

Kazi haijaisha. Mkono wa mtu unatetemeka, hasa barabara ikiwa mbaya. Kwa hiyo katikati ya namba hizo fundi anaacha eneo ambalo ubao haufanyi lolote, na mwanzo wa kila upande anaufanya mpole, ili kidole kikisogea kidogo ubao usogee kidogo zaidi. Ubao ukiwashwa wakati kidole kimesukuma gurudumu, motere inakataa hadi kidole kirudi katikati kwanza. Kila telekomande inapewa anwani yake ili isiamrishe ubao wa mtu mwingine. Antena nayo inatafutiwa mahali pake, kwa sababu mwili wa mtu una maji mengi na unameza mawimbi ya aina hii. Mwendeshaji mwenyewe, akigeuka vibaya, anaweza kuwa ukuta kati ya mkono wake na miguu yake.

Halafu linakuja lile swali la chukudu. Mawimbi yakikatika, ubao ufanye nini?

Mpokeaji aliye chini ya ubao anahesabu muda tangu apate neno la mwisho. Katika mtambo wa Vedder, muda uliowekwa tangu mwanzo ni sekunde moja, na fundi anaweza kuubadilisha. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, sekunde moja ni zaidi ya mita 8 za barabara. Baada ya hapo, dereva wa treni angependa treni ifunge freni kwa nguvu zote, kwa sababu treni ni nzito na abiria wengi wameketi. Lakini mtu aliyesimama juu ya ubao, freni ikikamata ghafla, ubao unabaki na yeye anaendelea na safari hewani. Motere ikiachwa tu ijizungukie, kwenye tambarare ubao utapunguza mwendo polepole, lakini kwenye mteremko utazidi kushika kasi, na mkononi hakuna kitu. Mafundi wamebishana sana juu ya hili. Wengi wameishia kati: nguvu iondoke, kisha freni ndogo ije, ya kupunguza mwendo bila kumrusha mtu.

Kuna mtego mwingine ambao chukudu haina. Freni ya umeme inageuza mwendo kuwa umeme na kuurudisha kwenye betri. Mtu akijaza betri hadi pomoni halafu akaanza safari kwa kushuka mlima, umeme huo hauna pa kwenda, na katika mbao fulani ulinzi wa betri unakata kila kitu ili isiharibike. Freni inatoweka hapo hapo inapohitajika. Mtu wa Kibumba angecheka: kipande chake cha tairi hakijui betri imejaa.

Mtu wa Maniema anaweza kuuliza haya yote yanamhusu nini, wakati wengi hapa wanasukuma kinga zilizobeba mchele na mafuta ya mawese kwa siku kadhaa, na ubao wenye magurudumu kama ngumi usingevuka hata kidimbwi cha kwanza. Ujuzi wenyewe si wa kigeni: mwaka 2013 Kinshasa ilianza kuona maroboti ya kuongoza magari barabarani, yanayotumia umeme wa jua, kazi ya mhandisi Mkongomani Thérèse Izay Kirongozi. Lakini kuna jambo lililo karibu zaidi. Fungua telekomande yoyote, ya ubao au ya televisheni, utaona vitone vinavyong'aa vinavyoshika kila kipande mahali pake. Fundi wa redio anavipata kwa kuyeyusha waya laini wa rangi ya fedha. Waya huo, sehemu yake kubwa ni bati. Na bati inatoka kwenye kasiterite.

Kalima, kama kilomita 100 kutoka Kindu, ni mji uliojengwa na kasiterite. Kampuni ya Symétain ilianza mwaka 1932 na kujenga nyumba, hospitali na shule kwa faida ya mawe hayo meusi. Mwaka 1976 iliunganishwa na kampuni nyingine za Kivu na Maniema kuwa SOMINKI. Halafu tarehe 24 Oktoba 1985 soko la metali la London lilisimamisha biashara ya bati, kwa sababu baraza la kimataifa lililokuwa likinunua bati ili kushikilia bei liliishiwa fedha. Katika miezi michache bei ilianguka hadi chini ya nusu. Kampuni haikusimama tena sawasawa. Waliobaki na koleo ni wachimbaji wa mikono.

Miaka 20 baadaye bati ilirudi kutafutwa, na sababu ni hivihivi vidude. Zamani waya wa fundi ulikuwa kama sita kwa kumi bati, iliyobaki risasi. Tarehe 1 Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku risasi katika vyombo vingi vya umeme kwa sababu ni sumu. Waya mpya una zaidi ya asilimia 95 ya bati. Kila telekomande, kila simu, ikaanza kudai bati zaidi.

Mwezi Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya kuzitaka kampuni zake zieleze kama madini yao yanatoka sehemu za vita nchini Congo. Mwezi Septemba mwaka huohuo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, hadi Machi 2011. Makundi yenye silaha yalikuwa kweli yakila madini, hilo halibishaniwi. Lakini Kalima na Kailo, ambako ada ya shule ilitoka kwenye gunia la kasiterite, amri ilifika kama freni ya treni iliyofungwa chini ya mtu aliyesimama. Hakukuwa na kupunguza mwendo kwanza. Baadaye zilikuja lebo za kufunga kwenye kila mfuko kuonyesha shimo ulikotoka, na mawe yakaanza tena kusafiri kwenda kuyeyushwa Asia.

Mafundi wa redio wa Kindu hawatupi kitone cha bati. Redio ikifa kabisa wanaipasha moto kwa nyuma, wanafyonza bati ya zamani na kuitumia kwenye redio ya mteja mwingine, kwa sababu waya mpya unauzwa ghali. Unafika dukani umekunjwa kwenye kikopo cha plastiki, umetoka China.